Dhamana ya Aliyeniibia

Fundi cherehani alipanda basi la asubuhi amekumbatia mkoba, hati ya nyumba yake ikichungulia juu. Muuza mitumba aliyekaa naye hakumjua, lakini mdomo ulimwasha. "Unauza nyumba, dada?"

"Nakwenda mahakamani kumwekea mdogo wangu dhamana."

"Maskini! Kafanya nini?"

"Kaiba cherehani."

"Ya nani?"

"Yangu."

Hata aliyekuwa akikoroma kiti cha nyuma aliacha, asikie vizuri. Fundi akaeleza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeshtaki. Cherehani ilipatikana, lakini polisi wameishikilia iwe kielelezo, na kazi imesimama. Ndugu wengine, walipoombwa udhamini, wote walizima simu.

"Mwache alale ndani, akili zimkae sawa," alisema muuza mitumba. "Akitoroka je?"

"Nyumba inakwenda. Na mama yetu anaishi humo humo. Jana kanifukuza, eti nisikanyage mpaka mwanawe atoke."

"Kwenye nyumba yako?"

"Yangu. Kasema mtoto akikunyea kiganja hukikati. Nikamwambia, mama, mbona kiganja chenyewe ni changu?"

Muuza mitumba alicheka, akaona uso wa mwenzake, akajiziba mdomo.

"Mahakama! Wa mahakama!" konda alipiga kelele, na basi likasimama.

Fundi hakuinuka. Alitoa mkobani shati jeupe lililokunjwa vizuri. "La kuvaa kizimbani," alisema kwa uchungu. "Nimelishona kwa mkono."

"Dada," konda alisema mlangoni, "unashuka au hushuki?"