Mama Lidia Ndunguru, Aliyemlea Nahodha na Kumwondoa

Mama Lidia Komba Ndunguru, ambaye leo tunamsindikiza hapa Mapera, alizaliwa Lundo tarehe 14 Agosti 1968, mtoto wa pili wa Mzee Raimundi Komba, mvuvi, na Mama Getrude. Alikulia mchangani pamoja na kaka zake. Mpira ulipoingia ziwani, yeye ndiye aliyeufuata, maana aliogelea kuwashinda wote.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Lundo, akamaliza mwaka 1983. Baadaye alipelekwa kwa masista kujifunza ushonaji. Alihitimu, lakini hakuipenda kazi ile. Alisema mtu hawezi kuongea vizuri akiwa na pini mdomoni.

Akaanza kupandisha samaki wakavu Mbinga, na huko ndiko alikokutana na Mansuetus Ndunguru, mkulima wa kahawa. Walifunga ndoa katika parokia hii tarehe 6 Oktoba 1990. Mwaka uliofuata mama mkwe wake alifariki, akamwacha kitindamimba wake, Bernadi, mwenye umri wa miaka mitatu. Lidia alimbeba mgongoni siku ya maziko na hakumrudisha kwa mtu mwingine. Kwa ukoo Bernadi alikuwa shemeji yake. Lakini Bernadi alimwita Mama.

Asubuhi Marehemu alikuwa shambani, mchana kwenye meza yake ya samaki sokoni Mbinga. Meza hiyo ndiyo iliyokuwa kijiwe cha mashabiki wa Ngolo Rangers. Walimu, madereva na watumishi waliohamia kutoka mikoa mingine walibishana pale kuhusu nani asajiliwe na nani aachwe, na Mama Lidia alibishana nao bila kuacha kupima dagaa. Aliyeilaumu timu bila kufika uwanjani alichaguliwa vichwa vitupu vya samaki. Na nahodha wa timu hiyo, beki wa kati, alikuwa Bernadi.

Msimu wa 2021/22 Ngolo Rangers ilikuwa mkiani mwa ligi ya mkoa. Timu ya Lundo ilikuwa na vijana wawili wenye kasi, ikahitaji beki mzoefu, ikaomba kuwabadilisha na Bernadi. Mashabiki waligawanyika. Kilian, mwenyekiti wao, alitaka wakongwe wabaki ili timu isishuke daraja. Wengine walitaka ijengwe upya, hata ikibidi kushuka kwanza.

Mkutano ulifanyika Jumapili tarehe 9 Januari 2022. Mama Lidia alisimama.

"Kila mwaka tunatia kiraka," alisema. "Kiraka juu ya kiraka, mpaka nguo yenyewe hatuijui. Mimi Bernadi nimemlea, nani atasema simpendi? Lakini mbio zimemwisha. Mawinga wanampita kama mlango usio na bawaba. Aende, tuwachukue vijana."

Ukumbi mzima ulicheka, na kura zikaenda upande wake. Alipogeuka kukaa, alimwona Bernadi amesimama nyuma karibu na mlango. Mchana uleule alikuwa amempakulia ugali nyumbani kwake, wakala pamoja, wakazungumzia mvua. Kuhusu mkutano hakumwambia neno.

Nje Bernadi alimsubiri.

"Mama, ungeniambia mezani," alisema.

Wiki ile Bernadi alihamia Lundo.

Timu ilishuka daraja, kama Kilian alivyohofia. Vijana wale walikomaa, wengine wakaongezwa, na mwaka 2024 ikapanda tena. Siku hiyo mashabiki walimjia Mama Lidia kwa vifijo. "Uliona mbali, mama," Kilian alimwambia. Yeye alifunga meza, akarudi nyumbani mapema. Mzee Mansuetus alimkuta jikoni, moto haujawashwa.

"Kumbe nilikuwa sahihi," alimwambia mumewe. "Ningekuwa nimekosea, ningejua la kumwambia mtoto. Sasa nimwambie nini?"

Mara moja, alipokwenda kuwasalimia wazazi Lundo, alimkuta Bernadi akiwafundisha watoto mpira. Alikaa mbali nyuma ya goli, akatazama mazoezi mpaka karibu na mwisho, kisha akaondoka bila kumsalimia. Alilisimulia jambo hilo akiwa anaugua, na alilia.

Figo zilianza kumsumbua mwishoni mwa mwaka 2024. Alitibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena baada ya Pasaka. Bernadi alifika bila kuitwa. Dorothy, binti wa Marehemu, alikuwepo chumbani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Niliwafanya watu wakucheke."

"Mbio zilikuwa zimeniishia kweli."

"Hilo nalijua. Hilo siliombei radhi. Naomba radhi kwa chakula kile. Nilikulisha, nikakutazama usoni, nikanyamaza."

Bernadi alivuta kigoda, akakaa karibu na kitanda.

"Bado nina hasira, Mama," alisema. "Sitakudanganya."

"Usinidanganye. Nilikudanganya mimi, inatosha."

Bernadi hakurudi Lundo. Alibaki akimpikia uji, akimnywesha kwa kijiko, akimgeuza kitandani. Walizungumza habari za kahawa na za ziwa. Kuhusu hasira yake hakuna aliyemsikia akisema imeisha.

Mama Lidia alifariki dunia hospitalini asubuhi ya Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, akiwa amepata sakramenti. Aliagiza haya yote yasomwe, na mashabiki wakiwepo. "Waambieni," alisema, "timu ijengwe, lakini mchezaji aambiwe kwanza kabla ya kujadiliwa."

Agizo lake jingine lilihusu orodha ya watoto, nalo alitaka Bernadi mwenyewe aulizwe kama anakubali kuandikwa humo. Jana jioni, kaburi likichimbwa, Joakim, mtoto wa kiume wa Marehemu, alimfuata akamuuliza. Bernadi aliweka jembe chini, akafuta mikono kwenye suruali, akasema, "Andikeni. Niwekeni kwa umri wangu, mwanzoni."

Marehemu ameacha mume, Mzee Mansuetus; wazazi wake wote wawili; wajukuu watano; na watoto wanne: Bernadi, Joakim, Dorothy na Rosina.

Ee Mungu, mpokee mama yetu, umpumzishe alipochoka.