Jinsi ya Kumsahaulisha Niele Kusoma

Hebu niambie wewe mwenye akili zako: mtoto wa miaka mitano akishajua kusoma, utamsahaulishaje? Maana hiyo ndiyo kesi iliyokuwa kijiweni kwa Jenerali jioni ile, hapa Bamako, kwenye benchi lililo mbele ya duka lililofungwa tangu mwenyewe akimbilie Ufaransa. Birika dogo la chai lilikuwa juu ya mkaa. Jenerali, ambaye hajawahi kukanyaga jeshini hata kama mpishi, alikuwa akimimina kutoka juu mpaka povu lisimame. Kulia kwake alikaa Dokta, muuza vidonge wa barabarani. Na katikati, sura imemshuka kama mfiwa, alikuwepo Diplomu: shahada ya ualimu ipo, kazi hamna.

Diplomu ndiye aliyeyataka. Kwa kukosa wanafunzi wa serikali, alimfundisha Niele, binti wa dada yake. Alichukua loho, ule ubao wa madrasa, akaandika kwa wino maneno ya Kibambara: maji, mbuzi, mama, uji. Kila loho ilipooshwa, bibi alimnywesha Niele yale maji, kama watoto wanavyonyweshwa maji ya aya ili elimu iingie mwilini. Diplomu alicheka, ila hakukataza. Mvua zilipoisha, Niele alikuwa akisoma mpaka pakiti za chai.

Asubuhi hiyo walimpeleka kuandikishwa shule. Mwalimu mkuu alimsikiliza akisoma, akakunja uso. Kwake, alisema, watoto huanza na Kifaransa, tena huanza wakiwa watupu. Huyu ameshajazwa Kibambara, atawaharibu wenzake. Wamrudishe Jumatatu akiwa amesahau. Vinginevyo nafasi anapewa mwingine, na Niele atakaa nyumbani mwaka mzima.

— Tatizo ni yale maji, alisema Dokta, akipokea glasi ya kwanza, ile chungu. Alikunywa herufi, sasa azitapike. Ninavyo vidonge vya bluu hapa. Viwili tu, alfabeti yote chini.

— Vidonge vyako vilimnyonyoa manyoya punda wa mzee Bina, alisema Jenerali.

— Lakini kikohozi kiliisha.

Glasi ya pili ikazunguka na akili zikazidi kuchemka. Dokta akataka mtoto afungwe kitambaa machoni mpaka Jumatatu. Jenerali akaona akalishwe mbele ya tamthilia za televisheni mchana kutwa, kwani mkewe yeye zimemsahaulisha hadi kupika. Kisha akapata wazo kubwa zaidi, akaliweka birika chini kwa heshima zote.

— Mnahangaika bure. Mpelekeni chuo kikuu. Huyu hapa alikaa huko miaka minne, hebu muulizeni kama anakumbuka kitu.

— Nyamaza, mla maharage, Diplomu alimjibu. Ukoo wenu mzima gesi tupu, tumboni mpaka kichwani.

Koo zao ni watani, kwa hiyo hakuna aliyekasirika. Lakini lile la chuo lilimchoma Diplomu. Mchana ule, kwa aibu, alikuwa amejaribu kweli kumsahaulisha mtoto. Aliandika "mbuzi" kwenye loho, akamwambia Niele kwamba hapo pameandikwa "kuku". Mtoto alimtazama kwa huruma, kidole kikiwa bado chini ya neno.

— Mjomba, aliuliza, umesahau?

Hilo hakulisimulia kijiweni.

Glasi ya tatu, ile tamu, ilikuwa ikimiminwa alipofika Sitan, mama yake Niele, anatoka sokoni na beseni la samaki kichwani.

— Kaa, dada Sitan, alisema Jenerali akimnyooshea glasi. Suala la mwanao tunalishughulikia.

Hakukaa, wala hakupokea.

— Nina swali moja. Akishasahau, nani atamfundisha upya?

— Mwalimu wa darasa la kwanza, alijibu Dokta.

— Sawa. Anaitwa nani?

Dokta akamtazama Jenerali. Jenerali akalitazama birika. Mtaa mzima unajua: mwalimu wa darasa la kwanza aliondoka mwaka jana, na hajaletwa mwingine. Watoto hukaa mle wakipigana vikumbo mpaka kengele ya kutoka. Jenerali akainamisha birika kujaza ile glasi, yakatoka majani.

Diplomu aliinuka, akamtua dada yake beseni, wakaelekea nyumbani.

Basi mheshimiwa mwalimu mkuu, nanyi wakubwa wa elimu mliomweka pale, mnaopulizwa na viyoyozi mkingoja watoto wawe watupu kama madarasa yenu: Jumatatu Niele anakuja, na kichwa chake kimejaa vilevile. Mwandikisheni. Halafu wekeni mtu mbele ya lile darasa. Benchi letu linaye mmoja, na viatu ameshapiga rangi.