Mama Nukta Anaondoka, "Set" Bado Ina Pengo

Kama kamusi yetu ya Kiingereza na Kiswahili ingeachwa mikononi mwangu tangu mwanzo, ingekamilika kabla sijaota ndevu, na Waingereza wenyewe wangekuwa wanapanga foleni mlangoni kuniuliza maana za maneno yao. Nasema hivi nikiwa na elimu ya kidato cha pili, tena nusu. Mimi ndiye mpanga kurasa wa ofisi hii. Hakuna ukurasa unaokwenda kiwandani bila kupita kwenye kompyuta yangu, kwa hiyo msomi yeyote humu jengoni, apende asipende, mwisho wake ni kwangu.

Lakini leo si siku yangu. Leo, tarehe thelathini Juni, Mama Nukta anastaafu baada ya kuitumikia kamusi kwa miaka thelathini na mmoja. Mratibu wa sherehe alitafuta mtu wa kuandika wasifu wake, wasomi wote wakakumbuka wana kikao. Nikabaki mimi. Mmepata bahati.

Mama Nukta alianza kazi hapa kama msomaji wa prufu, zile kurasa za majaribio, kwenye meza ambayo mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Akapanda hadi mhariri msaidizi, akapanda tena hadi mhariri mkuu, na meza ni ile ile, tofali ni lile lile. Mkurugenzi alipomletea meza mpya yenye kioo, alishukuru sana, akaigeuza ya chai ya wageni. Jina lake la utani alilipata siku alipompigia mchapaji simu asimamishe mashine kwa sababu ya nukta moja iliyokaa mahali pasipo pake. Mchapaji aliuliza, "Nukta tu, Mama?" Hajauliza tena tangu siku hiyo.

Kila aliyefanya kazi chini yake analijua swali lake: "Umeona?" Ukimletea maana ya neno uliyoinakili kutoka kamusi nyingine, anakutazama juu ya miwani, anauliza, "Umeona?" Kama hujaona kitu chenyewe kikitendeka, hiyo maana hairuhusiwi kupita. Kwa Mama Nukta, anayeandika asichokiona ni sawa na shahidi anayetoa ushahidi wa ajali huku siku hiyo alikuwa amelala kwao.

Kwa utaratibu huo alivuka herufi nyingi bila makeke. Kisha akafika S, akakutana na kitenzi "set". Jamani, kile kineno ni kifupi kama kisigino cha soksi, lakini maana zake zinaweza kujaza ukumbi. Waingereza wana-"set" meza, wana-"set" saa, mtego, mfupa, nywele, bei na mtihani. Hata saruji nayo ina-"set". Wenzangu walipaliwa na chai. Mama Nukta alivua miwani, akaifuta, akasema, "Haya. Tuanze na babu yake."

Akatueleza kwamba hapo kale kitenzi hicho kilikuwa na maana ya kumkalisha mtu au kitu. Kina ndugu yake, "sit", ambaye yeye anakaa tu mwenyewe, wakati "set" anakalisha wengine. Ukishajua hivyo, mengi yanajipanga: mtego unakalishwa ukisubiri, mfupa unakalishwa mahali pake, bei inakalishwa isicheze. Ila "set" ya vyombo, ile seti ya vikombe, asili yake ni nyumba nyingine, ilitokea Kifaransa cha zamani. Mama Nukta aliiita mpangaji aliyehamia chumba cha uani, na kwa kufanana jina akaanza kuhudhuria vikao vya ukoo. Nilicheka mpaka nikapoteza ukurasa niliokuwa naupanga. Nao ulikuwa wa P, hakuna aliyeumia.

Kisha kazi ya kuona ikaanza. Mtego wa panya aliutega mwenyewe chini ya meza ya Mkurugenzi, kwa sababu huko ndiko panya walikokuwa na nyadhifa. Asubuhi Mkurugenzi alivua viatu apumzishe miguu. Tulisikia mlio, kisha tukasikia Mkurugenzi. Mama Nukta aliingia na kalamu mkononi, akamwambia, "Vumilia kidogo, Mkurugenzi, namalizia sentensi."

Kuna maana ya kumwatamisha kuku mayai. Dereva wetu, ambaye kwake anafuga, alileta tetea na mayai yake, wakapewa makao katika stoo ya karatasi. Yule kuku alijiona ndiye mwenye ofisi. Ukienda kuchukua karatasi anakudonoa, ukirudi mikono mitupu Mama Nukta anakuuliza kwa nini unamsumbua mfanyakazi mwenzako. Vifaranga vilianguliwa siku ya ukaguzi. Mkaguzi aliviona vikipita koridoni kwa mstari, na katika taarifa yake hakuandika neno. Nadhani alihofia kuulizwa kama ameona.

Saruji aliikoroga kwenye bakuli, akaizamisha ndani ya ndoo ya maji chini ya meza yake. Vijana wa uhasibu walisema sasa mama kachoka, saruji majini itakauka vipi? Alipoitoa ilikuwa jiwe. Ndipo akafuta "kukauka" iliyokuwa imeandikwa na waliomtangulia, akaandika "kushika na kuwa ngumu". Na kikao cha bajeti alihudhuria akiwa na roli za nywele kichwani. Alipokodolewa macho alisema, "Endeleeni, mimi niko kazini. Nywele zinasetiwa."

La mfupa linanihusu. Nilipanda juu ya meza ile yenye tofali kubadilisha balbu, nikiwa naringa kwamba fundi umeme hanifikii. Tofali likaondoka, nikaondoka nalo. Hospitalini, Mama Nukta alisimama pembeni ya kitanda, kalamu tayari. Daktari alinikamata mkono uliovunjika akauliza, "Huyu ni mama yako?" Nikajibu, "Hapana, ni mhariri." Kisha akavuta. Mimi nasema sikulia. Mama Nukta alipomaliza kuandika aliweka kalamu, akanishika mkono mzima, akakaa hapo hadi wauguzi walipomfukuza, na kesho yake akarudi na chupa ya chai na mkate, akanilisha kama mtoto. Nilipopona nikarudi kazini, nikakuta mfano wa sentensi umeshaletwa niupange: "Kijana alilia sana mfupa wake ulipokuwa ukiungwa." Ningeweza kuufuta, mashine ni yangu. Nimeuacha. Utasomwa na watu ambao hawajazaliwa.

Basi mwezi huu kidahizo kizima, yaani neno "set" na maana zake zote, kilikuwa kimekamilika, na kiwanda kinasubiri S tu. Mama Nukta alisema atatia sahihi yake ya mwisho kwenye neno hilo, kisha aende. Ndipo mumewe, mzee mmoja mtani sana anayetengeneza saa, alipokuja kumchukua jioni moja akaisoma prufu huku akingoja. Akakuta pameandikwa kwamba jua nalo lina-"set", yaani linazama. Akauliza kwa upole, "Mke wangu, umeona?"

Dirisha la Mama Nukta linatazama ukuta wa jirani. Miaka yote hii ametoka humu taa za barabarani zimeshawaka, na akifika nyumbani anafungua prufu nyingine. Jua likishuka ameliona kama tunavyoliona sote, kwa kupitia tu. Kwa macho ya kazi, hapana. Akachukua kalamu akafuta "kuzama". Lilikuwa chaguo la haraka, akasema. Huenda ni "kutua". Huenda ni "kuchwa". Aliacha pengo. Mkurugenzi alimsihi ajaze lolote, kwani asipotia sahihi hadi leo, S itasainiwa na mhariri mgeni anayeanza kesho. Akajibu, "Mkurugenzi, hata mtego nilisubiri unase."

Hapo nikasimama mimi. Nikasema kikaoni, mbele ya wote, niachieni. Siku ya kumuaga tutampandisha juu ya paa la jengo, viti tutavielekeza magharibi, jua lishuke yeye akitazama, achague neno lake, atie sahihi, tupige makofi. Mama Nukta aliniuliza kama nimepakagua. Nikasema nimeshapaona, pako wazi kabisa. Alifurahi. Nilimwona akimnong'oneza mumewe aje na koti zuri.

Mama, kwa niaba ya wote uliotufundisha kufungua macho kabla ya kufungua mdomo, ahsante. Umetupa kamusi ambayo mtu anaweza kuiegemea bila kuanguka, sifa ambayo meza yako haina. Tofali tumeliosha, ni lako, ondoka nalo. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na jioni nyingi ambazo hazina prufu ndani yake. Kaa, Mama. Umekalisha maneno vya kutosha, sasa ukae wewe.

Na kabla hamjapanda ngazi kwenda juu, lipo jambo moja. Jana jioni nilikwenda paani na Dereva kupanga viti. Upande wa magharibi kuna jengo jipya linalojengwa, nalo limeshatupita kwa urefu. Jua likaingia nyuma ya zege likiwa bado liko juu, jeupe, halijafanya lolote la kuandikwa. Dereva, ambaye kwa majigambo yangu huniita Profesa, alikaa kiti cha mbele, akatazama, akasema, "Profesa, umetuandalia ukuta." Asubuhi hii nilikwenda kwa Mkurugenzi, bila mbwembwe, nikamwomba ukurasa wa "set" ubaki wazi hadi kesho saa nne, na sahihi ibaki kuwa yako, Mama. Amekubali. Kwa hiyo leo hotuba zitakuwa fupi na gari litakuwa mlangoni mapema. Kwenu kuna kibaraza kinachotazama magharibi, mzee wako ameniambia. Kaa naye pale, utazame mpaka mwisho, kisha unipigie uniambie ni neno gani. Nitalipanga mimi mwenyewe.

Uliniuliza kuhusu paa, nami nikakujibu mbele ya watu. Nilikuwa nimepanda mchana, nikatazama mbingu tu, nikashuka.

Sikuona, Mama.