Nati ya Mfukoni mwa Shangazi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi mkuu wa pikipiki katika karakana ya hospitali yetu anatundika aproni. Jina lake kamili limo kwenye faili, lakini ukilitaja pale getini mlinzi atakwambia hamjui mtu huyo. Huyu ni Shangazi. Ni shangazi wa madereva, wa wahasibu, na hata wa mkurugenzi, ambaye alizaliwa naye mwaka mmoja.

Alianza kwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Baadaye akahamia kwenye magurudumu, na hakuna aliyeweza kumtoa huko. Utaalamu wake ni pikipiki za shafti, zile zisizo na cheni. Mafundi wengi wakiambiwa gurudumu la nyuma la pikipiki hizo linatakiwa kutoka, ghafla hukumbuka kwamba wana udhuru. Shangazi hukunja mikono ya shati. Huisimamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, hutoa breki, hufungua nati, hugonga ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu, taratibu kwa nyundo ya mpira kama anayebisha hodi kwa wakwe, kisha hulivuta gurudumu pembeni mpaka meno yake yaachane na meno ya gia. Kila kinachotoka hulazwa kwenye kitambaa cheupe kwa mpangilio wa kutoka kwake. Kurudisha ni kinyumenyume: meno yafutwe, yapakwe grisi, yaumane, bushi, kijibomba kinachoivaa ekseli, ikae mahali pake, ekseli ipite bila kulazimishwa. Ukilazimisha utamsikia.

Ila nati ya ekseli hailali kitambaani na wenzake. Hiyo hukaa kwenye mfuko wa aproni, aproni aliyoshonewa na mumewe, fundi cherehani, na haitoki humo mpaka Shangazi aridhike na kila kitu. Hataki dereva mwenye haraka airukie pikipiki kabla kazi haijaisha.

Utaratibu huo haukuwa na kasoro, mpaka siku ya harusi ya binti wa kaka yake. Gurudumu la pikipiki ya mkunga wetu lilikuwa limesharudi mahali pake, bado kukaza tu, mara gari la maharusi likapiga honi nje. Shangazi akabadilisha nguo mbiombio, akakunja aproni, akaitia kwenye mkoba, huyoo. Haukupita muda mkunga akaingia anahema: kaitwa kwa mama mwenye uchungu kule bondeni. Pikipiki ipo, nati iko ukumbini inasikiliza muziki.

Nilitumwa mimi kuifuata. Nilimkuta Shangazi katikati ya picha ya familia, na nilipomnong'oneza hakuaga mtu. Alirudi na gauni lake la hariri na viatu vya visigino, akapiga magoti sakafuni, akakaza, akakagua, akamfungulia mkunga geti kwa mkono wake. Mtoto alizaliwa salama. Gauni halikupona.

Tangu siku hiyo mkunga haondoki kabla hajasimama mbele ya Shangazi na kutamka neno moja tu: mifuko. Shangazi huigeuza mifuko nje ndani, zinadondoka pipi na kipande cha chaki, nati haimo, safari njema.

Sasa, nisiwafiche, kustaafu kwake kulitunyima raha. Msaidizi wake, tunayemwita Kimya, anaijua kazi yote, lakini hakuwahi kuachiwa nati. Zamani aliwahi kurudisha gurudumu, akaona limekaa sawasawa, kumbe bushi imebaki kwenye kitambaa inamtazama. Shangazi aliiona kabla pikipiki haijatoka, lakini habari zilimfikia mkunga, na mkunga hasahau. Aliposikia Shangazi anaondoka, alimwambia mkurugenzi bila kupepesa macho: "Shangazi akistaafu, na pikipiki istaafu." Na ni pikipiki hiyo tu inayoliweza tope la bondeni. Kina mama wa kule wangebaki na nani?

Wiki iliyopita tairi la nyuma la pikipiki hiyo likaisha. Shangazi akavuta kiti, akaketi, akatangaza kwamba mgongo unamuuma. Uongo mtupu, asubuhi tulimwona amebeba betri mbili. Kimya akafungua nati, akaitia mfukoni mwake mwenyewe, akalishusha gurudumu, akalipandisha, akalizungusha, akakanyaga breki. Sisi tulijifanya tuna shughuli dirishani. Kimya akaichomoa nati, akaitazama, akairudisha mfukoni, akaanza kukagua upya tangu mwanzo. Shangazi akageukia ukutani. Alikuwa analia, na asibishe, tulimwona. Ndipo Kimya akakaza.

Mkunga alipofika alimkuta Shangazi ameketi, na mikono ya Kimya ndiyo yenye grisi. Akaelewa. Akamgeukia Kimya.

"Mifuko."

Kimya akaigeuza. Hamkuwa na kitu. Mkunga akavaa kofia, akawasha, akashika njia ya bondeni.

Shangazi, tunakushukuru kwa kila gurudumu lililorudi na mtu wake nyumbani. Kapumzike, na mwache mumeo ashone kwa amani, maana tumesikia umeshaanza kuifungua cherehani yake. Tunakuombea afya, kicheko na siku nyingi zisizo na honi. Ila kabla hujavuka geti leo, simama hapo kidogo: mifuko.