Godauni la Mugutha na Kiti Changu cha Safu ya Pili

Jina la Bwana lisifiwe, ndugu zangu, nami nivumilieni dakika tano. Godauni la Mugutha lilinigharimu marafiki wanne wa kamati, kodi ya lori ya siku nzima na kiti changu hapa kanisani. Nimehesabu mara mbili. Ni hivyo.

Mnanijua, Mama Ciku, muuza magunia wa soko la Thika. Marehemu mume wangu aliniachia ploti moja tu, kule Mugutha. Kamati yetu ya maendeleo ya kanisa ikaamua kujenga godauni pale kwa mkopo wa benki, hati ya ploti yangu iwe dhamana. Mwenyekiti, Mzee Kamande, akaniambia nieleze kamati nguvu za mradi na udhaifu wake.

Nguvu sikuficha. Viwanda vya Thika na Ruiru vilikuwa vinatafuta pa kuweka mizigo, na barabara kuu iko karibu. Kisha nikasema, "Kutoka lami hadi ploti ni hatua mia nne na kumi. Nimezihesabu nikienda, nikazihesabu nikirudi. Zote udongo mweusi. Nyinyi mlikagua Januari, wakati wa kiangazi, kwa gari dogo la Pijo. Mvua ikinyesha, lori lenye mzigo litafikaje?"

Mzee Kamande akafunga Biblia. "Mama Ciku, mbele za Bwana hatutaji udhaifu. Hiyo ni lugha ya wale wapelelezi kumi walioogopa majitu."

"Mzee, lakini hata Musa alituma watu wakague kwanza."

Jumapili iliyofuata nilikuta mke wa Mzee amekalia kiti changu. Niliambiwa nikae nyuma, niombewe pepo wa mashaka.

Ndugu zangu, niliogopa. Mjane akikosana na kanisa, atazikwa na nani? Mara mbili niliitoa hati kwenye debe la unga niwapelekee, mara mbili nikairudisha. Nikaomba, "Bwana, kama kuhesabu ni dhambi, nisahaulishe zile hatua." Sikusahau hata moja. Hapo ndipo nilipofunguliwa.

Aprili, mvua za masika zikinyesha, niliialika kamati ije kubariki ploti, pamoja na lori la mawe nililokodi mwenyewe. Lilifika hatua ya sitini, likazama hadi ekseli. Mzee Kamande aliteremka kulikemea. Alirudi lami na kiatu kimoja, na habari za majitu hazikutajwa tena. Hati yangu ingali kwenye debe.

Bwana aliniokoa na woga wa kusema ninachokiona kwa macho aliyonipa yeye. Mwaminini, ndugu zangu. Ukimwamini mara moja inatosha. Ploti, hesabu mara mbili.

Kodi ya lori nimesamehe. Kiatu cha Mzee nimekiosha, kiko kwenye mfuko huu. Ninachodai ni kiti changu tu, safu ya pili, cha tatu kutoka dirishani. Dada yangu mke wa Mzee, usiharakishe. Kusanya vitu vyako polepole. Nangoja hapa nikiwa nimesimama.