Majibu Safi, Mtoto Anaungua

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana leo nimesimama na hasira zangu zote, mtanisamehe.

Mimi ni mkulima wa Kwihara. Binti yangu Kabula alizaliwa na maji kichwani. Akiwa mchanga aliwekewa mpira mwembamba chini ya ngozi, unaoyashusha maji yale mpaka tumboni. Akakua, akatembea. Alipofika miaka mitatu homa ikampata. Akatapika, akalegea kama kitambaa.

Tukakimbilia hospitali mjini Tabora. Wakavuta maji ya kwenye mpira kwa sindano, wakapeleka maabara kutafuta wadudu wa ugonjwa. Majibu: safi! Wakapima tena. Safi! Ndugu zangu, mtoto anaungua mikononi mwangu, karatasi inasema safi! Huyu anasema tusubiri, yule anasema labda ni mafua. Shangazi yake anapiga simu kila saa: "Mtoeni huko, amerogwa!" Na ninyi wapendwa, baadhi yenu mlinitumia ujumbe kwamba imani yangu ni ndogo! Nilichoka. Nikamwambia Mungu, "Basi soma wewe hayo majibu!"

Siku ya nne akaja daktari wa watoto, mama wa makamo. Hakuanza na karatasi.

"Mama Kabula, kabla ya kuja hapa mtoto alikunywa dawa gani?"

"Hakunywa kitu," nikajibu haraka.

Akavuta kiti, akakaa. "Sikugombezi, mama. Nataka kuyaelewa haya maji."

Nikaangua kilio. Nilikuwa nimempa antibayotiki iliyobaki ya kaka yake, siku tatu nzima, nikaficha kwa kuogopa kusemwa.

"Ndiyo maana," akasema. "Dawa imewapunguza wadudu nguvu, wakipandwa maabara hawaoti, hawaonekani. Lakini hawajafa."

Akaagiza maji yavutwe upya, yakae maabara siku nyingi zaidi. Wakaota! Tukapewa rufaa ya hospitali kubwa, mpira ule wenye wadudu ukatolewa, Kabula akatibiwa mpaka maji yakawa safi kweli, akawekewa mwingine.

Nilimkasirikia kila mtu, hata Mungu, na neno lililotakiwa nilikuwa nalo mimi! Aliyenifungua kinywa ni Bwana, namshukuru. Mzazi mwenzangu, mtegemee yeye, na kwa daktari useme yote, hata la aibu.

Kabula ndiye yule pale nyuma, anawavuta wenzake nywele. Mungu atukuzwe! Na jamani, mtu amkamate!