Gari Ilisimama, Mimi Nikaendelea

Akina mama, na nyinyi akina baba hapo nyuma, mmeniona nikitembea kutoka mlangoni? Basi nipeni makofi kwanza, halafu nitasema.

Mwaka jana mume wa binti yangu alikuja kunichukua kule Ahero anilete Kisumu nimuone mjukuu. Akanifungulia mlango wa nyuma. Nikavuta mkanda, lakini kile chuma chake sikujua kinaingia wapi. Aliniona nikihangaika. Sasa mnatujua sisi Wajaluo: mkwe hamgusi mama mkwe, hata kumkaribia anaona haya. Aniinamie anifunge mkanda? Hawezi. Na mimi nimuombe? Wapi! Nikauachilia, nikamwambia, "Twende, baba."

Hatukufika mbali, ng'ombe akaingia barabarani. Mkwe akakanyaga breki. Gari ilisimama vizuri, ng'ombe hata hakuguswa. Mimi nikagonga kiti cha mbele, mfupa wa paja ukavunjika.

Ndugu zangu, nawaambia, nililia. Niliogopa sitatembea tena. Mkwe alikuja hospitali kila jioni, anasimama mbali, anaangalia dirisha, anauliza, "Mama, umeshindaje?" Nilimkasirikia, halafu nikamhurumia.

Msichana wa pale hospitali aliyenifanyisha mazoezi ya mguu ndiye alinielewesha. Aliweka kikombe cha plastiki juu ya meza ya magurudumu, akaisukuma, akaishika ghafla. Meza ikasimama, kikombe kikaendelea mpaka sakafuni. Akaniambia, "Mama, kikombe ni wewe. Mwili unaendelea na mwendo wa gari mpaka kitu kiushike. Afadhali mkanda kuliko kiti."

Siku ya kwenda nyumbani nikaingizwa kwa gari. Mkwe akasimama, mkanda mkononi, jasho linamtoka.

"Baba, funga," nikamwambia.

"Mama... mimi?"

"Kwani dereva ni nani? Nataka kutembea tena. Funga."

Akafunga, macho ameyageuzia ukuta wa hospitali. Manesi wakapiga vigelegele, nami nikacheka mpaka mguu ukauma.

Asanteni nyinyi mlionipikia na kuniogesha, na yule msichana aliyenitesa na mazoezi mpaka nikasimama. Mungu awabariki. Heshima tuwe nayo, lakini breki haijui nani ni mkwe wa nani. Usiyejua kufunga, uliza. Unayejua, mfunge mwenzako.

Sasa niacheni niende, mkwe ananingoja nje. Siku hizi hata haniulizi. Anafunga, halafu anavuta tena kuona kama umeshika.